Haramia Aliyekuwa Mgeni Rasmi

Ilikuwako nchi moja, na asiyeijua asijisumbue kuitafuta kwenye ramani, maana wachora ramani wake walikuwa bado wanagombania rangi. Ikiitwa Jamhuri Tarajiwa ya Tumbawe. Ilikuwa tarajiwa kwa sababu mapinduzi yake yalikuwa hayajaisha, na hayakwisha kwa sababu Baraza Kuu la Ukombozi liligundua mapema kwamba siku yatakapokwisha, watu wataanza kuuliza habari za maji ya bomba.

Adui wa Tumbawe alikuwa Himaya ya Ng'ambo, yenye manowari nyingi. Tumbawe haikuwa na manowari hata moja. Ilikuwa na wimbo wa jeshi la majini, ilikuwa na sare za jeshi la majini, nyeupe pe, lakini chombo chenyewe hakuna. Baraza likakaa, likanywa chai, likatoka na uamuzi: yeyote mwenye meli na mzinga apewe kibali chenye mhuri, akateke meli na miji ya adui, kisha alete fungu la Baraza. Watu hao wangeitwa Wakombozi wa Baharini. Neno haramia likapigwa marufuku siku hiyo hiyo, na mwalimu mmoja aliyelitamka akifundisha historia ya karne nyingine alipelekwa kupumzishwa.

Wakombozi wakaenda kwenye miji ya Himaya, wakaiona kwa mbali, wakarudi. Walilieleza Baraza kwamba miji ya adui ina mizinga mikubwa na wenyeji wake hawana ushirikiano kabisa. Baraza liliwaonea huruma. Likatoa waraka kwamba Mkombozi akifika kwenye mji wowote wa pwani, hata wa Tumbawe yenyewe, anaruhusiwa kuutangaza kuwa Mji wa Adui wa Muda, tangu anaposhuka mpaka jua kuchwa. Katika muda huo atateka atakacho. Jua likishakuchwa mji utahesabiwa umekombolewa, na wananchi watatakiwa washerehekee, kwa gharama zao.

Kwa njia hiyo miji ya Tumbawe ilikombolewa vizuri sana. Ipo iliyokombolewa mpaka ikabaki kuta.

*

Katika mji wa Chwaleni aliishi Bi Mashavu Kitojo, mshereheshaji. Harusi za Chwaleni zilikuwa zake, mahafali yake, na hata choo cha soko kilipozinduliwa ni yeye aliyeshika kipaza sauti na kumkaribisha mgeni rasmi akate utepe na kuwa wa kwanza kukitumia. Alikuwa mwanamke wa mwili na maneno, na mtu akitaka kunyamazishwa mbele ya Bi Mashavu hakuhitaji kufanya chochote.

Mumewe, Fundi Vuai, alikuwa kinyume chake. Alitengeneza injini: ya kinu cha kukoboa, ya mashine ya barafu sokoni, ya chochote kinachonguruma. Maneno aliyosema kwa wiki nzima yasingemtosha Bi Mashavu kuulizia kanga yake iko wapi. Jioni alikuwa akikaa barazani anamsikiliza mkewe, akifuta mikono yake kwa tambara, na pale penye kuchekesha akitabasamu. Bi Mashavu alizoea kusema mbele za watu kwamba kaolewa na gogo. Wakiwa peke yao hakusema hivyo hata siku moja.

Basi asubuhi moja meli ikaonekana. Iliitwa Haki Sawa, na ilikuja ikikohoa. Watu wa Chwaleni walikwishasikia ya miji mingine, wakaanza kufunga virago wakimbilie mashambani. Lakini Mkuu wa Mji, Bwana Faki Mdungi, aliwazuia. Bwana Faki alikuwa mtu wa taratibu, mtu ambaye nyumba yake ikiungua angeuliza kwanza kama moto umeripoti ofisini. Alisema mtu mwenye kibali chenye mhuri hawezi kukimbiwa. Mwenye mhuri ni mgeni, na mgeni rasmi ana viti vyake. Akaagiza viti vitolewe, meza kuu itandikwe kitambaa, na maua ya plastiki yapanguswe vumbi.

Nahodha wa meli, Mheshimiwa Ubwa Sarahangi, alishuka na bastola mkononi, akakuta anapigiwa vigelegele. Masikini, alisimama pale mchangani machozi yakimlengalenga. Kabla ya vita alikuwa na duka la vitanda katika mji mkuu, na bahari aliijua kwa kuisikia. Kibali alipewa kwa sababu shemeji yake alikuwa mjumbe wa Baraza. Katika kila mji alioukomboa alikuwa ameona migongo tu ya watu wanaokimbia. Hapa aliona nyuso, na nyuso zinampigia makofi. Alipokaribishwa aseme neno alisimama, akashika ukosi wa koti.

"Ndugu zangu wa Chwaleni," alisema, "natangaza rasmi kwamba ninyi ni adui zangu mpaka jua litakapokuchwa. Na niseme ukweli, sijapata kuwa na adui wakarimu kama ninyi."

Makofi yakapigwa. Kisha mabaharia wake wakachukua magodoro, kengele ya shule, mashine ya barafu na mbuzi waliofungwa nyuma ya jukwaa. Hayo Chwaleni wangeyavumilia. Lakini katika utambulisho wa asubuhi ile Bi Mashavu alikuwa amewasimamisha watu mashuhuri wa mji mmoja mmoja, na alipofika kwa mumewe alinogewa. Alisema huyu hapa ndiye Fundi Vuai, mume wangu, na haijaundwa injini duniani itakayomshinda. Vuai alisimama kwa aibu, akapunga mkono wenye grisi, akakaa. Nahodha alimwangalia, akaiangalia meli yake inayokohoa, akamnong'oneza mtu.

Alasiri Haki Sawa iliondoka na Fundi Vuai ndani. Bwana Faki aliuliza ni kwa utaratibu gani, akaelezwa kwamba fundi ameazimwa na mapinduzi. Bwana Faki akaridhika, akasema neno kuazima ni neno la kistaarabu. Bi Mashavu alisimama pale na kipaza sauti mkononi, akakumbuka kwamba ni kinywa chake mwenyewe kilichomtaja mumewe. Alienda nyumbani, akakaa barazani peke yake. Majirani walisema hawakumsikia akisema neno, na hilo ndilo lililowatisha zaidi.

*

Miezi ikapita. Haki Sawa ilikuwa ikipita mbali, ikienda kukomboa miji mingine, na mlio wake ukifika Chwaleni. Haikukohoa tena. Ilinguruma kwa raha, mfululizo, bila kukata. Watu walisema aa, siku hizi meli ile imepata afya. Bi Mashavu alikuwa akiacha anachofanya, anasikiliza mpaka mlio upotee. Alijua ni mikono gani iliyoishika injini ile, akajua kwamba mwenye mikono yu hai. Kisha alikuwa akilia, akijifuta kwa ncha ya kanga, akirudi kwenye vitumbua vyake.

Alikwenda mji mkuu, kwenye Ofisi ya Ukombozi, Idara ya Malalamiko Yanayokubalika. Karani mmoja mwenye tai alimsikiliza kwa adabu zote. Alipoomba arudishiwe mumewe aliyetekwa, karani alitikisa kichwa kwa masikitiko. Alimweleza kwamba mtu hutekwa na adui, na Haki Sawa ni meli ya nchi, kwa hiyo hajatekwa. Bi Mashavu akasema basi ameajiriwa, apewe likizo. Karani akasema aliyeajiriwa hulipwa, na huyu halipwi, kwa hiyo hajaajiriwa.

"Sasa mume wangu ni nani, mwanangu?" aliuliza Bi Mashavu.

"Mama, mumeo ni mchango," karani alisema. "Na mchango ukishatolewa haurudishwi. Nchi inakushukuru."

Akampa kalenda yenye picha za wajumbe wa Baraza. Bi Mashavu aliichukua, akarudi nayo Chwaleni, akafungia nayo dagaa.

*

Siku moja ya bamvua alishuka pwani na wanawake wenziwe kutafuta pweza. Chwaleni maji yakipwa siku za bamvua huwa yanakwenda kabisa, yanaacha mchanga mtupu mpaka mtu ajiulize kama yatarudi. Bi Mashavu alikuwa anachokoa shimo la pweza, akainua kichwa, akaona mahali alipo. Alikuwa amesimama pale pale Haki Sawa ilipotia nanga siku ya ukombozi, nanga yenyewe imeacha handaki, na miguu yake ilikuwa mikavu.

Alimwacha pweza. Alimtazama mpaka pweza naye akaona ajabu, akaingia shimoni.

Kesho yake alimwendea Bwana Faki nyumbani. Alimwambia, kwa sauti ya upole ambayo hakuizoea, kwamba mji unaona haya. Nahodha Ubwa kaukomboa, na mji haujampa hata cheo. Kwa nini asialikwe, afanyiwe sherehe kamili, avishwe vazi na kuitwa Mlezi wa Chwaleni? Bwana Faki macho yalimng'aa. Aliuliza kuhusu tarehe. Bi Mashavu alikwishaichagua, siku ya bamvua kubwa, na alipendekeza wageni wafike alfajiri, maji yakiwa yamejaa mpaka ukingoni, ili meli isogee karibu na Mheshimiwa asiloweshe viatu. Kifungua kinywa kingekuwa supu ya pweza na vitumbua, vya moto.

Zaidi ya hapo hakumwambia mtu kitu. Hakumwomba mtu yeyote adanganye, wala asitasite, wala avute muda. Aliwajua watu wake tangu wangali matumboni mwa mama zao. Ilitosha kuwaacha wawe walivyo na kuwapa kipaza sauti.

*

Nahodha alifika alfajiri kama alivyoalikwa, kwa koti jipya lenye vifungo vya shaba. Alishuka na mabaharia wake wote, kwa sababu kadi ya mwaliko ilisema kila mmoja ana kiti chenye jina lake, na hakuna baharia aliyewahi kuona jina lake kwenye kiti. Bunduki ziliachwa melini; kadi ilisema vazi ni rasmi. Fundi Vuai peke yake alifungiwa katika chumba cha injini, maana kitu cha kuazima hakipelekwi shereheni.

Kwanza Nahodha alitimiza sheria. Alitangaza, kabla hata ya chai, kwamba Chwaleni ni mji wa adui mpaka jua kuchwa. Wakapiga makofi. Ukaimbwa wimbo wa taifa, na kwa kuwa Baraza lilikuwa halijakubaliana juu ya maneno yake, zikaimbwa aina zote zilizopo ili asionewe mtu. Ikaombwa dua. Mwombaji alianza na mvua, akaja kwenye mazao, akaingia kwenye ndoa changa.

Halafu Bi Mashavu akashika kipaza sauti kwa ajili ya utambulisho. Sasa, katika nchi ile mshereheshaji mwenye huruma husema itifaki imezingatiwa, watu wote wakahesabiwa wametajwa, mambo yakaenda. Wageni walikuwa wanalisubiri neno hilo. Bi Mashavu alivuta pumzi, akasema kwamba leo, kwa heshima ya mgeni wetu, itifaki haitafupishwa.

Alianza na meza kuu. Akaja kwa wazee wa mitaa, manaibu wao, na waliowahi kuwa manaibu wao wakastaafu. Akaja kwa kamati ya soko, kamati ya maziko, kamati iliyoundwa kuchunguza kamati ya maziko. Kila aliyetajwa alisimama, na kila aliyesimama aliomba dakika moja tu, na mtu wa Chwaleni akiomba dakika moja huwa hajasema ya lini. Mwenyekiti wa wauza samaki alieleza matatizo ya barafu tangu mashine ilipokombolewa. Mama mmoja alitumia nafasi hiyo kumkumbusha jirani yake sinia. Watoto wa shule walighani ngonjera ndefu, na walipokosea mstari walirudi mwanzo.

Huko nyuma yao bahari ilikuwa inaondoka taratibu, bila kumuaga mtu. Bi Mashavu aliiona juu ya vichwa vyao, na moyo ulikuwa unampiga mpaka akaogopa kipaza sauti kisiunase.

Aliyeigundua wa kwanza alikuwa serahangi wa meli, yaani msimamizi wa mabaharia, mzee Kiparamoto, baharia wa kweli pekee katika chombo kile. Alinyoosha mkono. Bwana Faki akamjulisha kwamba maswali yatapokelewa chini ya mengineyo, mwisho wa ratiba. Mzee akashusha mkono. Baadaye hakuweza kuvumilia, akanyata mpaka meza kuu. Lakini wakati huo Bi Mashavu alikuwa ameanza kusoma wasifu wa mgeni rasmi, kwa sauti yake ile, akiupamba. Nahodha alikuwa amefumba macho, anatikisa kichwa kwa utamu.

"Mheshimiwa, maji yanapwa," mzee alimnong'oneza. "Tukichelewa tutakaa mchangani."

"Hebu subiri kwanza, Mzee Kiparamoto," Nahodha alisema bila kufumbua macho. "Bado niko darasa la nne."

Mzee Kiparamoto aliitazama meli, akamtazama mkuu wake, akarudi kwenye kiti chenye jina lake. Aliomba aongezewe supu.

Nahodha alikuwa anakaribia kufungua duka lake la vitanda, katika wasifu, pale sauti iliposikika kutoka pwani. Ilikuwa sauti ya sahani, masanduku, magodoro na kila kitu kilichotekwa kikiserereka upande mmoja. Watu waligeuka. Haki Sawa ilikuwa imelala ubavu juu ya mchanga mkavu, mizinga ya upande mmoja ikiwaelekea kaa na ya upande wa pili ikimwelekea Mwenyezi Mungu.

Mtu alitokea kwenye sitaha iliyoinama. Alishuka kwa kamba, akaanza kutembea juu ya mchanga, spana mkononi, hana haraka. Mlango wa chumba cha injini alikuwa ameung'oa bawaba miezi mingi nyuma. Kilichokuwa kinamfunga ni bahari tu, maana hakujua kuogelea. Alikuja mpaka ukumbini, amekonda, ndevu zimemjaa, akasimama mbele ya jukwaa. Alitafuta tambara mfukoni, akafuta mikono.

Bi Mashavu alifungua kinywa, na kwa mara ya kwanza tangu Chwaleni ijue kuwa na kipaza sauti, hakikutoka kitu. Watu walingoja. Kina mama waliokuwa mbele walianza kulia kabla yake.

"Mabibi na mabwana," alisema mwishowe, "huyu ni mume wangu. Leo sina la kuongeza."

*

Nahodha alipopata kauli alitaka bunduki, akakumbushwa ziliko. Alisema kumgusa Mkombozi wa Baharini ni uhaini, na kwamba yeye na watu wa Chwaleni ni wananchi wa nchi moja, ndugu wa damu. Bi Mashavu alikwisharudiwa na sauti.

"Si umetangaza mwenyewe asubuhi, baba, kabla hata hujanywa chai, kwamba sisi ni adui mpaka jua likuchwe?" alimuuliza. "Jua lile pale. Na adui anateka."

Bwana Faki alilifikiria jambo hilo kwa utaratibu, akaona halina kasoro. Basi Chwaleni wakashuka mchangani, wakateka. Kila mtu alirudi na godoro lake kichwani, kengele ya shule ikarudi, mashine ya barafu ikabebwa kwa nyimbo. Mabaharia waliendelea kula, maana hakuna aliyewaambia waache. Nahodha alipandishwa kwenye lori la nazi kurudi mji mkuu, na vazi lake la Mlezi wakampa, maana lilikwishashonwa. Maji yaliporudi alasiri yalikuta meli ina wenyewe wengine.

Vuai alikula vitumbua vilivyobaki, akaenda nyumbani, akakaa barazani. Bi Mashavu alimsimulia kila kitu tangu mwanzo, na pale penye kuchekesha Vuai alitabasamu.

*

Habari zilifika kwenye Baraza. Siku ya kwanza liliamua mji wote ufungwe. Siku ya pili mjumbe mmoja mwerevu alisema kwamba tangu mapinduzi yaanze nchi haijashinda vita hata moja ya majini, na katika hii nani ameshindwa si lazima kutajwa. Siku ya tatu magazeti yalitangaza Ushindi Mkubwa wa Majini wa Chwaleni, na ikaelezwa kwamba Waziri wa Bahari, Ukombozi na Michango ya Hiari, Mheshimiwa Daktari Shekunde, atakwenda mwenyewe kuwapongeza mashujaa. Bwana Faki, mwenye furaha isiyo kifani, alimtumia mwaliko ule ule wa mwanzo, akibadilisha jina tu: wageni wafike alfajiri, bamvua nyingine, supu ya moto.

Waziri alifika na meli ya serikali, mpya, bendera kila pahali. Viti vikajaa. Kabla hajaketi alimshika Fundi Vuai begani, akawageukia wananchi na kuwaambia kwamba Baraza limempandisha fundi huyu kuwa Fundi Mkuu wa Majeshi ya Majini ya Tumbawe. Alisema heshima hii ni ya hiari na inaanza leo. Fundi ataondoka naye mara tu sherehe itakapokwisha, na mke wake atapewa kalenda.

Watu walipiga makofi mepesi, ya watu wasiojua wapige kwa nani. Bwana Faki alitafuta uso wa kuweka, akaukosa. Vuai alimwangalia mkewe, kisha akatoa tambara lake mfukoni akaanza kufuta mikono ambayo ilikuwa safi.

Bi Mashavu alitazama juu ya kichwa cha Waziri. Maji yalikuwa yamejaa mpaka ukingoni, yametulia, na meli ya serikali ilikuwa imesogea karibu sana ili Mheshimiwa asiloweshe viatu. Alichukua kipaza sauti, akakipuliza.

"Mheshimiwa Waziri, ahsante kwa neno hilo zito," alisema. "Ila kwa taratibu zetu za hapa Chwaleni mgeni haondoki bila kuwajua wenyeji wake. Tutafanya utambulisho, halafu nitasoma wasifu wako, wote, tangu kuzaliwa. Leo sitaanza na meza kuu. Nitaanza na wale waliosimama nyuma kabisa, karibu na kisima, na naomba kila mmoja aseme neno."

Waziri aliposikia habari ya wasifu alitabasamu. Akafunga kifungo cha koti, akaketi.